Baridi ya Usiku na Mboga Zetu: Habari za Dawa za Kuongoza Ukuaji wa Mimea

 Katika mazungumzo ya leo nataka kuwaeleza habari za baridi na mboga, na habari za dawa ambazo wenye elimu ya mimea huzitumia kuuongoza mmea ukue upesi, au ukue polepole, au ustahimili jambo ambalo kwa kawaida lingeuangamiza. Nimezichagua habari hizi kwa kuwa swali lake limekwisha kufika vijijini. Mtu huja sokoni na kichupa chenye picha ya nyanya nyekundu, akasema kwamba matone machache yatatosha kuikinga bustani na baridi. Mkulima hukitazama kichupa, kisha huitazama fedha iliyo mkononi mwake, nayo ndiyo bei ya sare na madaftari ya mtoto, au ya mbegu za msimu ujao. Je, anunue au asinunue? Swali hilo halijibiwi kwa ndiyo wala kwa siyo mpaka mtu afahamu kwanza baridi hufanya nini ndani ya mmea, na dawa ile hufanya nini.

Basi tuanze na baridi yenyewe. Ziwa Tanganyika liko katika kimo cha mita zipatazo 770 juu ya bahari, lakini katika milima ya Manyovu nchi hupita mita 1,500. Kanuni ya hewa ni kwamba mtu akipanda mita 1,000, joto hupungua kwa digrii zipatazo 6 za sentigredi. Kwa hiyo nyanya iliyopandwa Ujiji na nyanya iliyopandwa milimani, ingawa mbegu yao ni moja na siku ya kupandwa ni moja, haziishi katika hali moja. Tena, katika miezi ya Juni na Julai mawingu hayapo. Wakati wa masika wingu huwa kama blanketi juu ya nchi, hulizuia joto la mchana lisipotee. Wingu likiondoka, ardhi hulala uchi, na joto lake lote hupanda mbinguni usiku.

Yako na mambo mengine ambayo mkulima wa bondeni yampasa kuyajua. Hewa ya baridi ni nzito kuliko hewa ya joto, nayo hutelemka mlimani usiku kama maji yatelemkavyo, ikatuama mahali pa chini. Nasi, kwa kuwa wakati wa kiangazi maji yako mabondeni, hupeleka bustani zetu huko huko. Hivyo mahali penye maji ya kutosha ndipo aghalabu penye baridi kali zaidi. Mtu aliyejenga mtelemkoni na kulima bondeni hushangaa kuona majani yamenyauka alfajiri, naye nyumbani kwake hakuona baridi ya ajabu.

Hata hivyo tusichanganye baridi yetu na ile ya sakitu. Huko Njombe na Makete, na juu ya uwanda wa Kitulo, yako majira ambapo umande huganda juu ya majani ukawa kama unga mweupe, na viazi huungua kana kwamba vimepitiwa na moto. Katika nchi ya Kenya, mwezi wa Januari mwaka 2012, sakitu iliyaunguza mashamba mengi ya chai ya Kericho na Nandi. Hapo maji yaliyo ndani ya jani huganda, na chembe za jani huharibika. Baridi ya Kasulu na Kibondo haifiki huko. Yetu ni baridi ya kuchelewesha na kudhoofisha. Haiui mmea kwa usiku mmoja, bali huuibia nguvu usiku baada ya usiku. Kwa sababu hiyo watu wengi hawaitambui, wakadhani mmea una ugonjwa, wakanunua dawa ya ugonjwa usiokuwapo.

Sasa, baridi isiyogandisha maji huudhuru mmea kwa njia gani? Mfano wake twaona majumbani mwetu. Mawese yaliyokuwa mepesi chupani mchana wa jua huko Ujiji, yakiletwa juu hapa yatakuwa mazito asubuhi ya Julai, hata yakatae kumiminika. Lakini mafuta ya karanga yaliyowekwa rafu ile ile hubaki mepesi. Mmea nao umejengwa kwa chembe ndogo sana zisizoonekana kwa jicho, na kila chembe imezungukwa na ngozi nyembamba ya namna ya mafuta. Katika mimea ya nchi za joto, ngozi hiyo ni kama mawese: joto likishuka chini ya digrii 12 hivi, huanza kukakamaa, chumvi na maji vya ndani huvuja, na kazi ya chembe huharibika. Katika mimea ya nchi za baridi, ngozi ile ni kama mafuta ya karanga, nayo hubaki laini.

Kwa hiyo mboga zetu zagawanyika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni nyanya, pilipili, bilinganya, bamia, tango, na mchicha. Hizi asili yao ni nchi za joto, nazo huichukia baridi. Fungu la pili ni kabichi, karoti, kitunguu, njegere, na spinachi. Hizi huivumilia, na kabichi hata huipenda. Dalili za kuumia katika fungu la kwanza ni hizi: majani hulegea asubuhi ingawa udongo ni mbichi, kwa sababu mizizi iliyopoa haiwezi kuvuta maji upesi, upande wa chini wa majani ya nyanya hugeuka rangi ya zambarau, maua huanguka pasipo kufunga tunda. Katika nyanya, usiku ukishuka chini ya digrii 13 mara kwa mara, chavua ya ua haina nguvu, na ua lisilochavushwa huanguka.

Baada ya kuyajua hayo, na tuingie katika habari za dawa. Mmea hauna ubongo wala mishipa ya fahamu, lakini sehemu zake hupelekeana habari. Mzizi ukikauka, jani hupata habari. Jani likipata kivuli, shina huinama kufuata nuru. Tarishi wa habari hizo ni vitu viitwavyo homoni, ambavyo mmea huvitengeneza wenyewe kwa kiasi kidogo mno. Mwaka 1880 Charles Darwin na mwanawe Francis walichapisha habari za majaribio yao juu ya miche ya nyasi. Waliona kwamba ncha ya mche ikifunikwa isipate nuru, mche hauinami, ingawa mahali pa kuinama ni chini ya ncha. Wakafahamu kwamba kitu fulani hutoka nchani kikashuka. Katika miaka ya 1920 Mholanzi Frits Went alikipata kitu hicho kwa kuziweka ncha za miche ya shayiri ya farasi juu ya vipande vya agari. Kikaitwa auksini.

Wakati huo huo, huko Taiwan, Mjapani Eiichi Kurosawa alikuwa akichunguza ugonjwa wa mpunga ambao wakulima wa Kijapani waliuita ugonjwa wa mche mpumbavu. Mche uliougua ulirefuka kupita wenzake wote, ukawa mwembamba, kisha ukaanguka bila ya kuzaa. Mwaka 1926 alionyesha kwamba ukungu uliokuwa juu ya mche ulitoa kitu cha kuurefusha. Kitu hicho kiliitwa jiberelini, na baadaye ikajulikana kwamba mimea yote mizima huwa nacho pia. Mpunga ule haukufa kwa njaa wala kwa kiu, bali kwa amri ya kukua iliyozidi. Mwenye kununua dawa ya kukuza mimea na aukumbuke mche ule mpumbavu.

Katika miaka ya 1960 iligunduliwa homoni nyingine, iitwayo asidi ya absisiki, nayo ndiyo yenye kutuhusu zaidi katika habari za baridi. Hii ni homoni ya tahadhari. Mmea ukipata kiu au baridi, huitengeneza kwa wingi. Nayo huyaamuru matundu madogo ya majani yafungwe ili maji yasipotee, hupunguza mwendo wa kukua, na kuziamsha kazi za kuweka akiba ya sukari na vitu vingine vya kuikinga chembe. Mmea uliopata amri hiyo mapema hukutana na baridi ukiwa umejiandaa. Mmea uliokuwa ukirefuka kwa furaha, uliojaa maji na mbolea, hushtukizwa.

Basi dawa za viwandani zinazotajwa katika habari za baridi ni za namna nne. Ya kwanza ni asidi ya absisiki yenyewe, iliyotengenezwa ili inyunyizwe juu ya majani. Kazi yake ni ya kweli, lakini bei yake ni kubwa, na mwanga wa jua huiharibu upesi. Ya pili ni dawa za kupunguza jiberelini, kama paklobutrazoli. Hizi huufanya mche uwe mfupi, mnene, wenye majani ya kijani iliyokoza, na mche wa namna hiyo huvumilia baridi kuliko mrefu mwembamba. Lakini paklobutrazoli hukaa udongoni muda mrefu, na kipimo kikizidi hudumaza hata zao linalofuata. Ya tatu ni asidi ya salisiliki, ambayo jina lake latokana na mti wa Ulaya uliotumiwa zamani kutuliza maumivu. Katika majaribio ya nyanya, pilipili na tango, miche iliyopewa asidi hiyo kidogo kabla ya baridi iliumia kidogo kuliko mingine. Iliyopewa nyingi iliumia zaidi.

Ya nne haiukingi mmea na baridi hata kidogo, bali hulisaidia ua. Mwaka 1936 Felix Gustafson wa Marekani alionyesha kwamba vitu vya jamii ya auksini vikipakwa katika ua, tunda huweza kufunga bila ya chavua. Tangu hapo wakulima wa nyanya katika nchi za baridi hunyunyizia maua dawa za jamii hiyo wakati usiku ukiwa baridi mno kwa chavua. Tunda hupatikana, lakini mara nyingi huwa na mbegu chache au hapana mbegu kabisa, na pengine huwa na uwazi ndani. Kwa hiyo mtu anayejiwekea mbegu za mwaka ujao asizitafute katika matunda hayo. Tena dawa hiyo ni ya ua peke yake. Ikiangukia majani machanga na ncha za mmea, huyasokota na kuyaharibu.

Sasa twaweza kuliona jambo kubwa katika dawa hizi zote, nalo ni kipimo. Katika majaribio mengi ya asidi ya salisiliki, kiasi kilichofaa kilikuwa kama miligramu 70 katika lita moja ya maji, yaani gramu moja katika lita 14, karibu bomba zima la kubeba mgongoni. Wengi wetu huipima dawa kwa kifuniko cha soda. Mwenye kupima hivyo, akaongeza kifuniko cha pili kwa kuhurumia mimea yake, amekwisha kuuzidisha uzito mara mbili. Dawa ya kuua wadudu ikizidi, hasara yake kwa mmea pengine haionekani siku ile. Lakini homoni ni amri, na amri iliyozidi hutiiwa vile vile.

Zaidi ya hayo, dawa za kuongoza ukuaji huhesabiwa pamoja na viuatilifu. Katika Tanzania mwenye kazi ya kuvikagua na kuvisajili ni Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyowekwa kwa Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020. Basi mtu akikuletea kichupa, muulize maswali matano. Ndani mna kitu gani, na jina lake limeandikwa wapi? Je, dawa imesajiliwa? Ni ya zao gani? Kipimo chake ni gramu ngapi au mililita ngapi kwa lita? Na baada ya kunyunyiza yapasa kungoja siku ngapi kabla ya kuchuma? Muuzaji akishindwa kujibu hata moja, weka fedha yako mfukoni, ukamwulize afisa ugani. Kichupa chenye maneno ya sifa tu, kisichotaja kilicho ndani, hakifai kununuliwa hata kikiwa rahisi.

Lakini je, mkulima asiye na dawa hana la kufanya? Hapa ndipo penye habari njema. Homoni ya tahadhari iliyo katika kichupa cha bei kubwa ndiyo hiyo hiyo mmea unayoitengeneza wenyewe bure, ukifundishwa. Wazee walisema, samaki mkunje angali mbichi; na mche nao hufundishwa ungali kitaluni. Siku saba hadi kumi kabla ya kuhamisha miche, punguza maji kidogo kidogo, lakini usiiache inyauke kabisa. Siku za kwanza ondoa kivuli asubuhi na jioni, kisha mchana kutwa, na mwisho uiache wazi usiku. Mche utapunguza kurefuka, shina litakuwa gumu, majani yatakoza rangi. Jambo hili huitwa kukomaza miche, nalo ni kuiamsha ile asidi ya absisiki kwa mkono wa mkulima.

Pamoja na hilo, yashikeni haya. Kwanza, msiipe miche mbolea nyingi ya kukuzia majani wakati baridi inapokaribia; mmea ulionona kwa naitrojeni ni laini, na baridi huupata upesi. Pili, mwagilieni asubuhi, si jioni. Udongo wenye unyevu hupokea joto la jua mchana na kulitoa polepole usiku, lakini maji ya jioni hupoza mizizi na kuleta ukungu wa majani. Tatu, pandeni nyanya na pilipili mtelemkoni, juu kidogo ya sakafu ya bonde, na sakafu yenyewe waachieni kabichi, vitunguu na karoti. Kuchota maji hatua thelathini zaidi ni kazi, lakini ni kazi rahisi kuliko kupanda mara ya pili. Nne, funikeni vitalu usiku kwa kichanja cha nyasi, mkakifunua jua likitoka. Tano, hesabuni siku: nyanya iliyokusudiwa kutoa maua mwezi wa Julai itakutana na usiku wa baridi kuliko wote. Ikipandwa mapema au kwa kuchelewa wiki chache, ua litafunguka katika usiku ulio mpole zaidi.

Nina neno kwa walimu wenzangu. Habari hizi hazina haja ya kusadikiwa kwa maneno yangu. Zaweza kupimwa katika bustani ya shule. Tengenezeni matuta matatu yaliyo sawa, mahali pamoja, kwa mbegu ya pakiti moja. Tuta la kwanza lipandeni miche isiyokomazwa. La pili miche iliyokomazwa. La tatu miche iliyokomazwa na kufunikwa usiku. Tundikeni kipimajoto karibu na majani, na mwanafunzi mmoja asome digrii kila alfajiri na kuandika. Baada ya wiki tatu hesabuni miche iliyo hai, na baadaye maua yaliyofunga, na mwisho kilo zilizochumwa. Ikiwa mnayo dawa iliyosajiliwa kwa zao hilo, ongezeni tuta la nne lenye miche iliyokomazwa, mnyunyizie kwa kipimo kilichoandikwa. Siku ile ile matuta mengine yanyunyizieni maji matupu, ili tofauti itakayoonekana isiwe tofauti ya maji. Hapo dawa itahukumiwa na tuta la pili, si na tuta la kwanza. Maana dawa iishindayo miche iliyotunzwa vibaya haijashinda kitu.

Na hesabu ya mwisho ni ya fedha. Chukueni kilo ambazo tuta la nne limezidi la pili, mkazipigie bei ya soko la siku ile, kisha mtoe bei ya dawa. Kinachosalia, kama kipo, ndicho faida yake. Mwanafunzi akiifanya hesabu hiyo kwa mikono yake, akaipeleka nyumbani kwa baba na mama, atakuwa amewapa jambo la kuwasaidia miaka mingi, hata majina ya dawa yakibadilika.

Kwa hiyo tukirudia swali la mtu yule wa sokoni, jibu langu ni hili. Dawa za kuongoza ukuaji si uganga wala si uongo. Ni vitu vya kweli vyenye kazi ya kweli, na katika mikono yenye kipimo huleta faida. Lakini ni msaada wa mwisho. Mwenye kupanda zao lisilofaa, mahali pasipofaa, wakati usiofaa, hawezi kuokolewa na kichupa. Na mwenye kuchagua mahali na wakati, akakomaza miche yake, aghalabu ataona kwamba sehemu kubwa ya kazi ya dawa ile imekwisha kufanyika kabla hajafungua mfuko wake.